Jibu: Pacha kufanana kunahusianaje na vurugu za mji?

Habari ndugu. Umekwama kwamba katika The Comedy of Errors, tamthilia ya Shakespeare, unaona pacha wakichanganywa, ila vurugu ya jamii huioni. Anza na mkufu wa dhahabu. Mimi nilipokwama niliufuata huo tu, kalamu mkononi. Pacha wawili wote wanaitwa Antipholus, mmoja mgeni mjini na mwingine mwenyeji. Sonara Angelo anamkabidhi mkufu Antipholus mgeni, kisha anakwenda kumdai mwenyeji. Mwenyeji anakana, anakamatwa. Na Angelo mwenyewe ana deni kwa mfanyabiashara anayetaka kusafiri! Kwa uso mmoja tu unaofanana, watu watatu hawaaminiani tena. Halafu tazama mlango: Adriana, mke wa Antipholus mwenyeji, anakula na shemeji akidhani ni mumewe, huku mume halisi yuko nje anagonga. Baadaye mume huyo anafungwa kamba kama kichaa. Vichekesho vya akina Dromio, watumishi wao ambao nao ni pacha, viache kwanza, vitakupotezea muda.