Nchi ya Majaaliwa: Maswali Yenu Kuhusu Al-Qadim

Mwezi uliopita niligusia hapa, kwa mistari michache tu, Al-Qadim, dunia ya mchezo wa mezani iliyokoma kuchapishwa mwaka 1994. Sikutarajia kwamba wengi wenu bado mnaibeba moyoni. Leo ukurasa wote ni wake.

*Shikamoo. Kaka yangu na wenzake wakikutana huizungumzia Zakhara kama watu waliowahi kuishi huko. Ni nini hasa? — Msomaji, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Dungeons & Dragons ni mchezo wa Kimarekani uliotoka mwaka 1974. Watu hukaa mezani, mmoja anasimulia, wengine kila mtu na mhusika wake, na dadu ndizo zinazoamua kama upanga umepata au umekosa. Kanuni ni kitu kimoja. Dunia ambamo hadithi inatokea huchapishwa kando, na dunia nyingi za wakati ule zilikuwa za ngome za mawe, misitu ya baridi na mashujaa wa Ulaya ya kale.

Mwaka 1992 TSR, kampuni iliyokuwa ikiuchapisha mchezo huo, ikatoa dunia mpya, Al-Qadim, kazi iliyoongozwa na Jeff Grubb akisaidiana na Andria Hayday. Chimbuko lake ni Alfu Lela Ulela. Zakhara ndiyo nchi yenyewe, Nchi ya Majaaliwa: jangwa, bahari yenye visiwa tele, masoko, majini, na Huzuz, mji wa Khalifa Mkuu. Orki, zimwi ambalo kwingine kazi yake ni kuuawa, Zakhara anaweza kuwa muuza viungo na jirani yako wa mlango wa pili. Hakuna anayehukumiwa kwa kabila lake. Kinachoangaliwa ni kama mtu anafuata sheria iliyoachwa na mwanamke mmoja mwenye hekima wa zamani, au anaikataa.

Kaka yako hatii chumvi. Ukikaa miaka na mhusika mmoja, ukamzika rafiki yake na kumwoza binti yake, umeishi huko.

*Ilifungwa kwa sababu haikuuzwa? — Msomaji, Nakuru*

Hapana. Tangu mwanzo ilipangwa iwe mfululizo wa muda mfupi, ikaenda mwaka 1992, 1993 na 1994, kisha ikafungwa. Mwaka huohuo wa mwisho ulitoka mchezo wake wa kompyuta, The Genie's Curse. Wengi husema iliuawa na madeni ya TSR, lakini kampuni hiyo ilinunuliwa na kampuni nyingine ya michezo, Wizards of the Coast, mwaka 1997, na wakati huo Al-Qadim ilikuwa imeshamaliza safari yake zamani.

*Kuna mhusika anaitwa sha'ir. Ndiye mshairi wetu? Mbona basi ni mchawi? — Msomaji, Lamu*

Swali hili nimelisubiri miaka. Ndiye, mzizi ni mmoja: sha'ir, shairi, mshairi. Ila sha'ir wa Zakhara hatungi beti. Wachawi wengine wa mchezo huu huamka asubuhi wakajifunza maneno yao ya siku. Yeye anaye jini mdogo anayeitwa gen, wa moto, wa maji, wa hewa au wa udongo, na akihitaji uganga humtuma akautafute. Gen anaondoka. Mezani wote wananyamaza, adui yuko mlangoni, na msimulizi anahesabu muda. Pengine atarudi na kilichotakiwa, pengine mikono mitupu.

Waliobuni hawakubahatisha neno. Waarabu wa kabla ya Uislamu waliamini kwamba mshairi ana jini wake anayemnong'oneza. Ukilijua hilo, mhusika mzima anakaa sawa: mtu ambaye nguvu yake inatoka kwa mwingine, na lazima aishi naye kwa adabu.

Mara ya kwanza nilipokishika kitabu cha kanuni, chenye mapambo ya rangi ya dhahabu pembezoni mwa kurasa, nilianza kusoma orodha ya wahusika kwa sauti. Askar. Kahin. Mamluk. Nikasita. Askari ninamwona kila siku akilinda geti. Kahini nilimsikia kwenye hadithi za bibi. Mamluki kwetu siku hizi ni askari wa kukodiwa, lakini kwa asili ni mtu aliyemilikiwa, mzizi uleule wa "miliki" yetu. Miaka yote nilikuwa nimecheza michezo ambayo kila jina ilibidi nifundishwe kulitamka. Usiku ule mimi ndiye niliyewafundisha wenzangu. Wanaoniuliza kwa nini ninaikumbuka dunia hii kuliko nyingine zote, jibu langu ni usiku ule.

*Nimelelewa Muscat, nyumbani Kiswahili, shuleni Kiarabu. Wenzangu wanasema Al-Qadim ni Uarabu wa sinema, ulioandikwa na watu ambao hawajawahi kunywa kahawa yetu. Unaitetea vipi? — Msomaji, Muscat*

Sitaitetea yote, ndugu yangu. Wenzako wana haki. Wameikoroga Baghdad na Istanbul na Uajemi katika sufuria moja, karne kwa karne bila kujali. Kuna picha za wanawake ambazo zimetoka kwenye ndoto za wachoraji wa Ulaya, si kwenye nyumba ya mtu yeyote unayemjua wewe. Wachapishaji wa sasa wenyewe huweka tahadhari kwenye nakala za vitabu vyao vya zamani, kwamba kuna mambo humo yasiyolingana na maadili ya leo. Ni haki waiweke.

Lakini itazame tarehe. Vita vya Ghuba vilipiganwa mwanzoni mwa mwaka 1991, na kijana wa Marekani alikuwa akimwona Mwarabu kwenye televisheni kupitia darubini ya ndege ya kivita. Mwaka uliofuata kitabu hiki kikamwambia: wewe ndiye mwenyeji. Hema ni lako, mgeni anabisha, heshima ya ukoo wako iko kwenye namna utakavyompokea. Hakikumleta kama Mzungu aliyepotea njia jangwani. Kilimzaa hukohuko, kikampa mama, shangazi na jirani. Kwa mchezo wa wakati ule, hilo lilikuwa jambo kubwa, na mimi nimewaona watu wakibadilika kwa sababu yake.

Kicheze, na penye uongo wewe rekebisha. Kwa kahawa ya nyumbani kwenu unajua zaidi ya waandishi wote.

*Vitabu vinapatikana wapi? — Msomaji, Dar es Salaam*

Nakala za kielektroniki zinauzwa kihalali kwenye duka la mtandaoni la DriveThruRPG. Ukitaka boksi la zamani, mwambie muuzaji alifungue na akupigie picha kila ramani, moja moja. Mimi nililetewa boksi lililosifiwa kuwa kamili, pembe zake zimefungwa kwa gundi ya karatasi, na ndani hamna ramani hata moja. Fedha haikurudi.

*Ungependa irudishwe upya, kwa kanuni za sasa? — Msomaji, Toronto*

Hapana. Imekwisha ikiwa nzima. Naijua mipaka yake kama mtaa niliokulia, na sitaki mtu aje kubomoa nyumba apitishe barabara.

*Nataka kuwachezesha wadogo zangu na marafiki zao likizo hii. Nianzie wapi? — Msomaji, Mombasa*

Dada, usianze na vita wala usianze na ramani. Anza na chumvi.

Zakhara ina agano la chumvi: mgeni akishaionja chumvi ya mwenyeji, mwenyeji anawajibika kumlinda, na mgeni hawezi kumdhuru. Wabunifu walilichukua kwa Mabedui. Watoto wa Mombasa hawahitaji kuelezwa sana. Wamekwisha sikia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sasa waulize: je, kama huwezi kumpa jembe, kwa sababu umekwisha mlisha chumvi yako na nje wanamtafuta wamwue?

Nilivyofanya mimi ni hivi. Niliweka kisosi cha chumvi halisi katikati ya meza, kando ya dadu. Wachezaji walikuwa familia ya wafanyabiashara, usiku, mvua. Mzee akabisha, kilemba kimelowa, akaomba kulala. Wakabishana. Mwisho msichana mdogo kuliko wote, wa miaka kumi hivi, akanisogezea kisosi bila kumwuliza mtu. Nikachovya kidole, nikaonja, nikamshukuru kwa sauti ya yule mzee.

Kisha nikagonga meza mara tatu. Mlangoni kulikuwa na askari wa Khalifa wenye mienge, na mkononi mwao hati yenye jina la yule mzee: amemwua ndugu wa familia hiyohiyo iliyomlisha chumvi.

Mezani pakawa kimya. Msichana yule akanyanyuka, akaenda kusimama mbele ya mlango wa sebule, mlango wa kweli, akatandaza mikono yote miwili.