Kiko cha babu chenye alama ya tembo, na mkebe ambao haujafunguliwa

Mleta uzi, salaam. Umeuliza mambo matatu. Kiko ulichokikuta kashani mwa marehemu babu yako, chenye tembo mdogo na neno Tanganyika, kimetoka wapi? Mkebe wa tumbaku uliokuwa kando yake, haujafunguliwa hadi leo, bado una kitu? Na kwa nini wewe, ambaye hujawahi kuvuta hata sigara moja, ukikinusa kiko hicho unashindwa kukirudisha kashani? Waliotangulia wamekujibu kwa mkato: tupa, tumbaku ni sumu. Ni sumu kweli na nitafika hapo. Lakini ulichouliza hakijajibiwa, nami nimelelewa kando ya kiko, kwa hivyo niwie radhi kwa urefu.

Mimi ni wa Lamu, mtaa wa Langoni. Babu mzaa baba alikuwa nahodha. Alipakia boriti za mikoko akaenda nazo Arabuni na Ghuba kwa upepo wa kusi, akarudi na kaskazi. Njiani walitia nanga Aden, ambayo siku hizo ilikuwa bandari huru chini ya Waingereza, mpaka walipoondoka mwaka 1967. Huko ndiko alikoanza kununua mikebe ya tumbaku ya kiko iitwayo Three Nuns. Mimi nilipopata akili, miaka ya 1970, alikuwa ameshaacha bahari, na mikebe ilimfikia mmoja mmoja kwa mikono ya mabaharia waliopitia Mombasa.

Kiko chake kilikaa kidakani, katika ukuta wa chumba cha ndani, peke yake. Kidaka cha pili kilikuwa na msahafu, na kati ya viwili hivyo aliacha kimoja kitupu makusudi. Baada ya sala ya Alasiri alikaa dakani, ukumbi wa mlangoni, miguu juu ya jiwe, na mjukuu aliyekuwa karibu alitumwa: "Niletee kiko, na usikishike bori," yaani kile kichwa kinachotiwa tumbaku. Nilikibeba kwa mikono miwili kama kifaranga.

Tumbaku ile ilikatwa vipande vya mviringo kama sarafu, kingo za rangi ya asali na katikati doa jeusi. Doa hilo ni perique, tumbaku ya Louisiana, Marekani, inayoshindiliwa ndani ya mapipa hadi ichachuke kwa maji yake yenyewe. Babu alitoa sarafu tatu, akaziweka kiganjani, akazifikicha taratibu kwa kidole gumba. Hapo ndipo harufu ilipopanda: tende zilizoiva mno, siki kidogo, na ngozi mpya ya viatu. Kibiriti hakijawashwa bado. Nakuomba uliangalie hilo vizuri, kwa sababu watu wengi wanaosema wanakumbuka harufu ya kiko hukumbuka tumbaku iliyofikichwa, kabla ya moshi. Moshi wenyewe bibi yangu aliulalamikia kila siku kwa ajili ya mapazia yake, ingawa yeye naye hakukaa saa mbili bila tambuu, na tumbaku ndani yake.

Fungu la kwanza alilitia borini kwa mkono wa mtoto, la pili kwa mkono wa mwanamke, la tatu kwa mkono wa mwanamume. Ndivyo alivyosema, na baadaye nimekuta wavuta kiko wa nchi za mbali wanasema maneno hayo hayo. Alishindilia kwa msumari wa jahazi, ule wa kichwa kipana, uliolainika kwa miaka ya kushikwa mpaka ukang'aa kama fedha. Njiti ya kwanza ya kibiriti ni ya kuibabua tu: tumbaku inafura, inainuka juu ya ukingo, unaishindilia tena kwa upole, kisha njiti ya pili ndiyo ya kuwasha. Kusi ikivuma kwa nguvu kichochoroni, kazi yangu ilikuwa kusimama mbele yake nimetandaza kanzu kama tanga, mpaka moto ushike.

Sasa swali lako la tatu. Sigara ukiiwasha inajiunguza yenyewe hata ukiisahau. Kiko ukikisahau kinazima, na ukikivuta kwa pupa kinakuchoma ulimi. Kinataka mtu atulie, na waliomzunguka watulie naye. Babu alikuwa akitusimulia dhoruba ya Ras Hafun, pwani ya Somalia, na kila mara, mlingoti unapolia ukitaka kuvunjika, kiko kilizima. Akanyamaza. Akakitazama. Akachukua msumari, akatafuta kibiriti, njiti ya kwanza, njiti ya pili. Watoto saba tumekodoa macho, muuza kahawa amesimama na dele lake mkononi, hakuna anayethubutu kuuliza. Nimesikia hadithi hiyo labda mara arobaini. Jina la jahazi limenitoka, lakini ule ukimya bado ninao.

Mwaka jana shangazi yangu wa Malindi alikuja kututembelea. Umri umekwenda, anachanganya majina yetu. Nina chupa ya kioo yenye masalio ya tumbaku ya babu. Nikatoa sarafu moja, nikaifikicha kiganjani, nikamsogezea puani bila kumwambia kitu. Akafumba macho kitambo, kisha akasema kwa sauti ya kisichana: "Mwambie baba kibiriti kimebaki njiti nne." Kwa hivyo usijishangae, ndugu yangu. Pua ina daftari lake.

Turudi kwenye kiko chako. Tembo na jina la Tanganyika vinaonyesha kwamba ni cha kampuni ya Tanganyika Meerschaum, na jina walilokipa sokoni lilikuwa hilo hilo letu, Kiko. Wazungu wanaokusanya viko vya kale huko Ulaya na Marekani hulitamka neno hili la Kiswahili wengine bila kujua maana yake, jambo linalonifurahisha mno. Tanganyika ilipoungana na Zanzibar mwaka 1964 jina la nchi likabadilika, kwa hivyo huenda chako ni cha kabla ya hapo. Meerschaum ni Kijerumani, maana yake povu la bahari: madini meupe, laini, mepesi. Yale yanayosifika zaidi hutoka Eskişehir, Uturuki, lakini haya ya kwetu yalichimbwa bonde la Amboseli, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania.

Hili lina maana kwako kwa sababu ya usafi. Mtu mmoja hapo juu amekushauri ujaze chumvi na spiriti borini ulaze usiku kucha. Hiyo ni dawa ya viko vya briar, vinavyochongwa kutokana na fundo la shinani la kichaka cha Mediterania, mti mgumu usioungua upesi. Usimfanyie hivyo povu la bahari. Linafyonza kila kitu na likilowa linakuwa laini kama jibini. Pangusa ndani kwa kitambaa kikavu, nje kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Usikwangue kwa kisu. Shilamu, ule mrija wa kuvutia, ukiikuta imegeuka kijani cha manjano, hiyo ni raba ngumu iliyochoshwa na mwanga, isugue taratibu kwa dawa laini ya kung'arishia. Na usikiangushe: sakafu zetu hazisamehe.

Mkebe sasa. Adui wake hapa pwani ni chumvi ya hewani. Pitisha kidole kwenye mshono wa kifuniko na kwenye kitako. Kutu ya juu juu si neno, lakini ikiwa kuna tundu hata la ncha ya sindano, hewa imeingia zamani, na ndani utakuta vumbi au ukungu. Ikiwa mzima, tumbaku ya Virginia ndani yake huenda ni tamu kuliko siku ilipofungwa, maana miaka huilainisha na kuizidishia utamu. Ikiwa ni mchanganyiko wenye Latakia, ile ya Syria na Kupro inayokaushwa kwa moshi wa kuni mpaka inuke kama mbata iliyokaa juu ya moto, hiyo hupungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda. Siku ukiamua kuufungua, ingiza sarafu ya pesa chini ya ukingo wa kifuniko na uizungushe. Ukisikia mkebe unavuta pumzi, umebahatika. Ukiona vitu vinavyometa juu ya majani kama chumvi, usiogope, mara nyingi ni chembe zilizoganda tu, si ukungu. Ukungu una manyoya na unanuka chumba kilichofungwa. Kisha hamishia yote kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa mpira siku hiyo hiyo, la sivyo haitamaliza mwezi.

Na usiivute. Babu yangu hakuwa akimeza moshi, akisema ndiyo salama yake, na Ramadhani hakugusa kiko mpaka baada ya tarawehe. Kila alipokwenda msikitini alipiga msuwaki kwanza. Kidonda kilianza pembeni ya ulimi, upande ule ule alioushikia kiko. Ilikuwa saratani. Mtu aliyetuongoza kwa sauti alikaa mwaka wake wa mwisho akituandikia kwa penseli. Baada ya mazishi niliwasha kiko chake mara moja, peke yangu dakani, nikitumaini nitampata. Nilipata ulimi uliobabuka na macho yanayotoka machozi kwa moshi. Nikakipangusa, nikakirudisha kidakani, sijakiwasha tena.

Tupigie picha kitako cha mkebe na maandishi yaliyopo ubavuni mwa kiko, kwa mwanga wa mchana bila taa ya simu. Na kabla hujaingiza sarafu hiyo, mwite nyumbani mtu aliyekuwa akitumwa kibiriti na babu yako.