Fildi na krediti: majibu ya maswali yenu

Maswali ya fildi yamejaa. Wengine mnaita atachimenti, wengine mafunzo kwa vitendo, kitu ni kilekile, mwanafunzi wa chuo anaenda kukaa kazini wiki kadhaa halafu anataka zile wiki zihesabike kwenye matokeo yake kama krediti, yaani vile vipimo vya masomo unavyokusanya mpaka uhitimu. Nimechagua yanayojirudia zaidi.

Niko wiki ya tatu fildi, nafasi nilitafutiwa na shangazi, chuo hakijui kabisa. Nikimaliza naweza kuomba krediti?

Ndugu yangu, acha kusoma nenda idarani kwanza, utarudi kumalizia baadae. Wengi mnadhani krediti inatolewa kwa sababu ulikuwepo kazini, hapana, chuo kinatoa krediti kwa kile ulichojifunza na ambacho mwalimu anaweza kukipima, na mwalimu atapimaje kitu ambacho hamkukubaliana toka mwanzo? Ndo maana vyuo vingi vinataka usajili fildi kama unavyosajili somo lolote, kabla hujaanza, na kuna karatasi ya makubaliano inasainiwa na pande tatu: wewe, chuo, na sehemu unayokwenda. Humo kunaandikwa utajifunza nini, masaa mangapi, nani anakusimamia kule na nani huku.

Wiki tatu bado hujachelewa sana. Omba barua kazini ionyeshe tarehe uliyoanza, kazi unazofanya na jina la msimamizi wako, peleka idarani, omba usajiliwe kwa kuchelewa, na tafadhali usidanganye tarehe. Wakikuambia usajili umefungwa, uliza kama wiki zilizobaki zinatosha kufikisha masaa wanayotaka, au kama chuo kina utaratibu wa kutambua ujuzi ulioupata nje ya darasa, vipo vyuo vinao ila ushahidi wanaodai ni mwingi. Namkumbuka binti mmoja kafanya miezi mitatu ya nguvu maabara, kaja na barua imejaa sifa, idara ikamwambia pole, rudia mwakani, kisa fomu moja haikusainiwa mwanzoni. Iliniuma mpaka leo.

Krediti moja ni masaa mangapi? Mimi nimeambiwa hivi, rafiki yangu anayesoma nje kaambiwa vingine kabisa.

Wote mko sahihi, maana krediti sio kilo kwamba popote uendapo inapima sawa. Kwenye mfumo wa Ulaya unaoitwa ECTS krediti 1 ni masaa 25 mpaka 30 ya kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima wa masomo ni krediti 60. Uingereza wanahesabu masaa 10 kwa krediti 1 na mwaka ni krediti 120, kwa hiyo 2 za kwao huchukuliwa kama 1 ya ECTS. Marekani wao wanaanzia darasani, saa 1 ya kipindi na angalau masaa 2 ya kujisomea kila wiki kwa wiki kama 15, ukijumlisha inakuja kama masaa 45.

Sasa chukua fildi ya wiki 8, masaa 40 kwa wiki, jumla 320. Kwa ECTS hapo kuna krediti kama 10 mpaka 12, kwa Uingereza 32, kwa Marekani kama 7, na jasho ni lilelile. Ila hiyo ni hesabu ya karatasi tu, idara nyingi zinaweka kikomo kwamba fildi haiwezi kuzidi krediti fulani hata ukikesha kazini, kwahiyo usiulize tu saa ngapi kwa krediti, uliza pia mwisho ni ngapi. Na uliza kama masaa ya kuandika ripoti nayo yanahesabiwa, mara nyingi yanahesabiwa na wanafunzi hawajui.

Bosi kasema hawezi kunilipa hata nauli kwa sababu "tunakulipa kwa krediti". Ni haki?

Hapa nakereka. Krediti anatoa chuo! Kampuni ikisema inakulipa krediti inakulipa kitu ambacho sio chake, na mara nyingi ni wewe uliyekilipia ada. Kuwa na krediti hakumaanishi moja kwa moja kwamba mwajiri ameruhusiwa kukutumia bure, inategemea sheria ya nchi uliko. Mfano Marekani, tangu mwaka 2018 Wizara ya Kazi inatumia kipimo cha mambo 7 kuangalia nani anayefaidika zaidi, mwanafunzi au kampuni, na kuungana na masomo au krediti ni jambo moja tu kati ya hayo, haliamui peke yake, wanaangalia pia kama kazi yako inasaidia ile ya wafanyakazi au inachukua nafasi yao. Uingereza ni tofauti, kama fildi ni sehemu ya kozi yako ya elimu ya juu kule na haizidi mwaka 1, mwajiri halazimiki kukulipa kima cha chini.

Unachoweza kufanya ni kujiuliza, hivi nisingekuwepo wangeajiri mtu kwa hii kazi? Kama jibu ni ndio na hakuna anayekufundisha chochote, mwambie msimamizi wa chuo mapema, ukiwa na orodha ya kazi ulizofanya wiki hiyo. Na kingine, sio kila chuo kinakataza kupokea posho na krediti kwa wakati mmoja, wengi mnakataa hela kwa woga tu bila kuuliza.

Fildi iko likizo ndefu, chuo kinataka nilipie ada ya hizo krediti. Mbona nafanya kazi mwenyewe?

Kwa chuo hilo ni somo, lina mwalimu, lina mtihani wake ambao ni ripoti. Ulizia kama unaweza kufanya kazi likizo lakini ukaisajili muhula wa kawaida ndani ya ada uliyolipa tayari, au kama kuna usajili wa krediti sifuri unaoandikwa tu kwenye transkripti, ile karatasi ya matokeo yako yote. Kama krediti zako za kumaliza zinatosha hiyo ya sifuri inakufaa kabisa.

Naandika nini kwenye logibuku, lile daftari la kazi za kila siku? Kila siku ni kupiga fotokopi na kusaidia wahasibu.

Ripoti nyingi za fildi zinafeli hapa, wala sio kwamba mwanafunzi hakufanya kazi. "Leo nimesaidia idara ya uhasibu", mwalimu atatoa maksi za nini hapo? Andika hivi: leo nimelinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, vimepishana, tumetafuta tukakuta hundi mbili tulizotoa bado hazijapita benki, kwenye somo la uhasibu tuliliona hili ila sikuelewa kwanini litokee, leo nimeelewa. Mistari minne tu. Kuna ulichofanya, kuna tatizo, kuna ulichogundua na kuna darasa ndani yake. Andika jioni ileile, usisubiri Ijumaa, kumbukumbu inapotea haraka sana, na msimamizi asaini kila wiki maana mwisho wa fildi unaweza kuambiwa kahamishwa tawi.

Na kama kweli ni fotokopi mwezi mzima, rudi kwenye yale makubaliano ya mwanzo, onyesha pale palipoandikwa utajifunza nini, omba kwa heshima ubadilishiwe hata siku mbili kwa wiki. Ile karatasi ndo silaha yako.

Nasoma Marekani kwa viza ya F-1, kampuni inataka nianze Jumatatu.

Usianze. Kazi ya nje ya chuo inayohusiana na masomo inapitia kibali cha CPT, kwa kawaida lazima uwe umesoma mwaka mzima wa masomo kwanza, na I-20 yako, ile fomu ya mwanafunzi wa kigeni unayopewa na chuo, iwe imeshaandikwa kibali hicho kabla ya siku ya kwanza kazini, hata kama mwalimu kashakubali krediti. Angalia pia muda, ukifikisha miezi 12 ya CPT ya kutwa unapoteza OPT, ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu kwa ngazi hiyohiyo. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa leo, Jumatatu inaweza kusogezwa lakini viza ikiharibika ni kazi kuirudisha.

Fildi yetu ni kufaulu au kufeli tu, hakuna A. Inanishusha GPA, ule wastani wa alama zangu?

Kwa kawaida ukifaulu haigusi GPA, krediti zinaingia kwenye jumla ya kuhitimu basi. Ila waulize kama kufeli kunahesabiwa kama F, maana vyuo vingine vinafanya hivyo, na uliza imeingia kama somo la lazima au la kuchagua. Niliona mtu kabakiza somo 1 la lazima akijua fildi imeliziba, kumbe ilikuwa imeandikwa upande wa kuchagua.