Jibu: Kujiandaa kwa usaili wa unahodha wa feri

Ndugu yangu, hongera kwa kuitwa. Umeuliza watakuuliza nini kwenye usaili wa unahodha wa feri ya Entebbe hadi Kalangala, Uganda, kwenye Ziwa Victoria. Vyeti watavikagua dakika chache tu, vipange kwa mpangilio wa miaka basi.

Uzito uko kwenye maamuzi. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano ya vyombo majini za mwaka 1972 zijue kwa kuzieleza, usizikariri tu. Mkikutana uso kwa uso, kila chombo kinageukia kulia. Mkikatizana njia, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayempisha. Usiku ataona taa nyekundu ya mwenzake. Chora kwenye karatasi mpaka mkono uzoee. Ziwa letu lina kumbukumbu chungu: mwaka 2005 meli ya MV Kabalega iligongana na meli ya MV Kaawa, na Kabalega ikazama.

Halafu swali ambalo naamini litakuja: abiria wamezidi, mwenye chombo anakupigia simu anasema ng'oa nanga. Jibu bila kutafuna maneno kwamba huondoki, na ueleze hatua zako: kuhesabu watu upya, kushusha waliozidi, kuandika kwenye daftari la safari. Wakikubana, kumbuka MV Templar, boti ya starehe iliyojaza watu kupita kiasi ikazama Novemba 2018. Tulizika watu zaidi ya 30.

Eleza pia dhoruba za ziwani zinavyofumuka ghafla, na lini utaahirisha safari. Ukiwa na tukio ulilolipitia mwenyewe, anza nalo. Nitakuombea, kaka. Rudi utuambie.