Mnaoanza kuchezea data za majina ya watoto, Mary asiwadanganye kama alivyonidanganya mimi

Jamani wadogo zangu mnaojifunza data, naona wengi mnaanzia kwenye majina ya watoto ya Marekani, sawa kabisa, ni ya bure na hayali bando sana. Ile mamlaka yao ya hifadhi ya jamii inatoa faili moja kwa kila mwaka kuanzia 1880, na kila mstari una vitu vitatu tu, jina, jinsia, idadi. Ukifungua la 1880 mstari wa kwanza kabisa unakutana na Mary,F,7065. Huyo huyo ndo aliniaibisha.

Nilikuwa kwa mshkaji hapa Mtwara, Magomeni, umeme unakatika unarudi, nikachora grafu ya Mary nikaona inapanda, inapanda, 1921 inagonga karibu elfu 74. Nikatupia kwenye grupu kwa mbwembwe zote, Mary kapendwa mara kumi! Kaka mmoja wa Lindi anayefanya kazi za takwimu akajibu neno moja tu: "Gawanya."

Nikagawa kwa jumla ya watoto wa kike wa kila mwaka. 1880 Mary anazidi asilimia 7, 1921 yuko kwenye 6 hivi. Yaani jina linashuka huku mimi nashangilia linapanda, nilitamani kufuta ile meseji ila watu walishaisoma.

Sasa mbona idadi ilikuwa ndogo vile mwanzoni? Kumbe zile sio daftari za vizazi, ni watu walioomba kadi ya hifadhi ya jamii, na kadi zimeanza kutolewa 1936, kwahiyo aliyezaliwa 1880 alikuwa na miaka hamsini na kitu, wengi walishakufa na wengine hawakuomba kabisa. Kabla hujachora chochote uliza kwanza nani kaandikwa humo na nani kaachwa. Na jina lenye watoto chini ya 5 kwa mwaka hawaliweki, wanalinda siri za watu, kwahiyo likipotea usikimbilie kusema limekufa.

Excel nayo, ukiunganisha faili zote zinapita mistari milioni mbili na yenyewe mwisho wake ni 1,048,576, miaka ya karibuni yote inabaki nje na wewe unaona kazi imeisha. Fungua mwaka mmoja mmoja au tumia programu nyingine.

Halafu tahajia. Kule Sophia na Sofia ni majina mawili, kila moja na hesabu yake, ukitaka kuyajumlisha ni juu yako ila useme kwamba umejumlisha. Msiwacheke, mtoto wa dada yangu kadi ya kliniki imeandikwa Fatma, cheti cha kuzaliwa Fatuma, na nyumbani toka azaliwe hatujawahi kumuita lolote kati ya hayo, tunamuita Somoe.