Klorini imekwenda wapi? Kwa anayeanza kazi ya tope la mto

Grafu ya kwanza itakayokufurahisha ndiyo ya kuitilia shaka. Ukiona PCB (kemikali sumu za viwandani zenye klorini) za klorini tano au sita zinashuka kwenye tope, usitangaze kwamba sumu imeisha. Vijidudu visivyotumia oksijeni hung'oa klorini mojamoja na kuweka haidrojeni mahali pake. Kiunzi cha bifenili, yaani pete mbili za kaboni zilizounganishwa, hubaki palepale. Kwa hiyo hesabu kwa moli, yaani kwa idadi ya molekuli. Miligramu zinaweza kupungua huku idadi ya molekuli ikiwa ileile.

Kabla hujagusa chupa za majaribio ya tope, soma habari za Mto Hudson, Marekani. Viwanda viwili vya General Electric vilimwaga PCB humo kwa takriban miaka 30, hadi 1977. Mwaka 1987 na 1988 watafiti walionyesha kuwa bakteria wa tope lenyewe walikuwa wakizipunguza klorini bila kuletwa na mtu. Ila klorini zilizotoka zaidi ni za nafasi za meta na para, zilizo mbali na kiungo cha pete mbili. Za ortho, zilizo jirani na kiungo hicho, ziling'ang'ania. Mwaka 2002 mamlaka ya mazingira iliamua tope lichimbwe, na kazi hiyo ikafanyika kati ya 2009 na 2015.

Mezani, kinachodanganya zaidi ni kizibo. PCB hupenda kunata kwenye mpira, na chupa inaweza "kusafishika" bila bakteria hata mmoja kufanya kazi. Tumia vizibo vyenye utando wa Teflon. Weka pia chupa za kulinganishia zenye tope lililouawa kwa otoklevu (chombo cha mvuke wa moto wenye shinikizo), tena zaidi ya mara moja, maana mbegu za bakteria ni sugu. Kama nazo zinashuka, huna matokeo bado.

Kuhusu hewa, resazurini (rangi ya kupimia oksijeni inayotiwa chupani) ikigeuka waridi, oksijeni imeingia. Chakula nacho kiwe kwa kiasi: Dehalococcoides, bakteria wang'oa klorini, hutumia haidrojeni, na ukimwaga nyingi laktati, chakula kinachotoa haidrojeni hiyo, utawashibisha wazalisha methani.

Subira utaihitaji kwa miezi. Zikishabaki PCB za klorini moja au mbili, bakteria wanaotumia oksijeni ndio wanaoweza kupasua pete zake. Hapo tia hewa kwenye chupa chache tu. Ukizifungua zote, hutakuwa na za kurudia.