Kabla ya kupeleka wanafunzi kupanda mikoko, tazama mwezi

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ujiandae vipi kuwapeleka wanafunzi arobaini wa sekondari wakajitolee kupanda mikoko hifadhini. Mimi nimewapeleka wangu hori la Mida, kule Watamu, mara mbili. Safari ya kwanza iliniuma, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Siku tuliichagua kwa kalenda ya shule. Tukafika saa nne asubuhi, maji yamejaa tele, watoto wakakaa vivulini mpaka alasiri. Yalikuwa maji mafu, siku ambazo bahari haipwi sana. Wewe anza na mwezi: unapoandama na unapokuwa mpevu ndipo bamvua huja, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, na pwani yetu ya Kenya bamvua hupwa asubuhi, bahari ikarudi mbali. Hapo mna saa kadhaa za kazi.

Kosa kubwa lilikuwa mahali. Aliyetupokea alitupeleka kwenye tope la wazi, karibu na pa kuegesha basi, tukachomeka mbegu za mkoko, zile ndefu kama rula, kwa mistari iliyonyooka. Picha zilipendeza. Niliporudi mwaka uliofuata nilikuta vijiti vikavu vimegandwa na makombe.

Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyenieleza. Mikoko si mti mmoja. Mlilana ndio unaotangulia baharini na kupigwa na mawimbi. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama magoti, hupenda tope laini la kando ya mikondo. Mkandaa hukaa nyuma yake, na mchu utauona mbele, tena utauona nyuma kabisa penye chumvi kali. Sisi tulichukua mti wa ndani tukausimamisha mlangoni. Isitoshe, tope lile tupu si shamba lililoachwa. Kati ya Oktoba na Aprili ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia hushuka hapo maji yakipwa, wakala kaa na minyoo. Ukipanda miti hapo umewafunika chakula chao.

Kwa hiyo kabla hujakodi basi, waulize wenyeji swali moja: miche inajiotea yenyewe hapo? Ikiwa inaota, hapahitaji mkono wako. Ikiwa haioti, wakuambie kwa nini: maji yamezibwa, mbuzi wanakula, au watu wanakata?

Safari ya pili hatukupanda hata mche mmoja. Wanafunzi walinuna, siwezi kukuficha. Tulijaza mifuko ya tope kwenye kitalu cha kikundi cha kijiji, tukazoa plastiki na nyavu kuukuu zilizojiviringisha mizizini (hii ni kazi ngumu kuliko unavyodhani), kisha tukahesabu miche iliyopandwa na kikundi: mizima, mikavu, iliyoliwa. Binti mmoja asiyezungumza darasani ndiye aliyeshika daftari, na hakuruhusu mtu akisie.

Mambo madogo: raba kuukuu za kufunga kamba, kwani ndara hubaki topeni na chaza wa mizizini hukata nyayo kama wembe. Maji ya kunywa mengi. Andika barua mapema kwa wasimamizi wa hifadhi kuomba kiingilio cha wanafunzi. Na kikundi cha kijiji kilipwe kwa siku yake, maana siku hiyo hawavui.

Likizo ya Desemba tunarudi na daftari lile lile, miche ile ile.